Kimea Namba Kumi na Moja

Hilda alishuka kwenye bodaboda Ijumaa saa nne asubuhi, begi lake kubwa likiwa limefungwa nyuma kwa mpira, na kitu cha kwanza alichokiona nyumbani kwao Uru hakikuwa mama yake wala baba yake. Yalikuwa mapipa. Mapipa manne ya bluu yalikuwa yamepangwa nyuma ya jiko, yamefunikwa kwa majani ya mgomba, na harufu ya ndizi mbivu zilizochemshwa tangu wiki iliyopita ilikuwa imeujaza uwanja. Mtu yeyote wa huku angejua kwamba hapo pana sherehe. Hilda naye alijua, na hakufurahi.

"Mae! Mtoto wa Ulaya!" Mektrida, mama yake, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivi? Huko Ubelgiji hawali?"

Alikuwa amekaa Ubelgiji wiki kumi tu. Yeye na wanafunzi wengine kumi na watatu kutoka nchi mbalimbali walichaguliwa kwenda kujifunza utafiti kwenye maabara ya chuo kimoja wakati wa likizo, basi. Lakini habari ilipopanda mlima ilinenepa njiani, na kijijini watu walikuwa tayari wanamwita daktari. Chuoni kwake Morogoro alikuwa bado na mwaka mzima wa kusoma.

"Jumapili ni misa ya shukrani," Mektrida alisema, uso ukimng'aa. "Baba yako mkubwa Valerian amealika ukoo mzima, na jumuiya zote tatu. Mimi nimeweka mapipa manne."

"Na kimea, mama?"

"Kiko darini. Nimekiacha siku nane kamili, kimevaa koti lake vizuri. Mbege ya Hilda ya mwaka huu wataikumbuka."

Mbege ya Hilda ndivyo watu walivyoiita pombe yake ya ndizi na ulezi, na lilikuwa jina la haki. Miaka ishirini na miwili iliyopita Mektrida alikuwa ameloweka ulezi wake na kuufunika kwa majani uchipue, kama wanawake wote wanavyofanya, halafu uchungu ukamshika. Aliporudi kutoka hospitali na mtoto mikononi alikuta kimea alichokisahau kimeota manyoya ya kijivu. Hakuwa na kingine, na wageni wa ubatizo walikuwa njiani. Alikikausha, akakisaga, akakipikia mbege, na wazee wakalamba midomo wakauliza amefanya nini. Tangu hapo hakusahau tena. Wenzake walikitoa kimea siku ya tatu, yeye alikiacha mpaka kivae koti, na siku za Jumatano na Jumamosi watu waliwapita wapikaji watano njiani ili wafike kwake.

Hilda aliingia chumbani, akakaa kitandani na viatu vyake. Kabla ya safari yao, mwezi wa sita, profesa aliyewaalika alikuwa amewaandikia wanafunzi wote kwamba kila mmoja aje na kitu kidogo cha kwao kinachochachushwa. Hilda alimwomba mama yake kimea. Mektrida alichagua kilicho bora, akakijaza kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa utepe na kusema, "Waambie Wazungu wasikipike kwa moto mkali." Aliamini kwamba kinakwenda kuonjwa.

Kule maabara majina hayakutumika, kila kitu kilipewa namba. Kimea cha mama kikawa namba kumi na moja. Majibu yalipobandikwa ukutani, namba kumi na moja ilikuwa juu kabisa: sumukuvu, mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Wenzake walicheka kidogo, wakauliza ni cha nani. Hilda alinyamaza. Alirudia kipimo mara mbili akiomba mashine iwe imekosea, na mashine haikuwa imekosea. Usiku ule alilia, na kilichomliza zaidi si sumu bali kule kunyamaza.

Alikuwa amepanga kulisema taratibu, labda wiki ya pili, baada ya mama kufurahia zawadi zake. Hakuwa amepanga mapipa manne.


Mchana huo alimfuata baba yake bandani. Leodegar alikuwa akikatakata mgomba kwa panga kumlisha ng'ombe, kazi anayoipenda kwa sababu haimlazimishi mtu kuongea.

"Baba, kile kimea cha mama kina sumukuvu."

Panga lilisimama. "Ile wanayoitangaza redioni? Ya mahindi na karanga?"

"Hiyo hiyo."

"Nani amesema?"

"Mashine. Niliiendesha mwenyewe, mara tatu."

Leodegar alimtazama ng'ombe kana kwamba naye ana la kuchangia. "Sasa mtu akiinywa Jumapili ataanguka?"

"Hapana. Haimwangushi mtu. Inaumiza ini kidogo kidogo, kwa miaka."

"Ahaa." Alishusha pumzi, na Hilda akamwona mabega yakilegea. "Basi Jumapili ipite. Jumatatu utamwambia mama yako kwa utaratibu, na mimi nitakuwepo."

"Baba..."

"Jumapili moja tu, mwanangu. Amekesha na yale mapipa. Pasi yako ya kusafiria ilitoka kwenye mapipa hayo hayo. Utamsimamisha mbele ya watu mia mbili bila mbege?"

Leodegar hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuahirisha, na katika ndoa ya miaka ishirini na minne tabia hiyo ilikuwa imewaepusha na ugomvi mwingi. Tena kwa mizani ya kisayansi hakukosea: Jumapili moja isingemuua mtu. Hilda alijua hivyo, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Mama ndiye anayeonja kila pipa," alisema. "Kila wiki, kabla ya mtu mwingine yeyote. Tangu nizaliwe."

Leodegar aliinama akaendelea kukata mgomba. Vipande alivyokata baada ya hapo vilikuwa vidogo mno hata kwa ndama.


Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Mektrida aliteremsha kimea kutoka darini, viroba viwili, akavisimamisha mlangoni kusubiri kupelekwa mashineni kusagwa. Uji wa kimea ulipaswa kupikwa mchana, upoe, uchanganywe na maji ya ndizi jioni, ili watu wakitoka kanisani wakute mbege imeamka. Alipogeuka alimkuta Hilda amekaa juu ya kiroba kimoja.

"Ondoka hapo, mwanangu. Mashine itajaa watu."

"Mama, usikisage."

"Kwa nini?"

"Kile nilichokwenda nacho. Tulikipima."

Mektrida alikunja uso. "Mlikipima au mlikionja?"

"Tulikipima. Kina sumu, mama. Lile koti ndilo kuvu, na kuvu linaacha sumu ndani ya kimea. Hata ukichemsha kutwa nzima haitoki."

Hilda alieleza yote, kiwango, ile mara nne, alivyorudia. Alieleza vizuri, kama alivyofundishwa kueleza, na kila alivyoeleza vizuri ndivyo uso wa mama yake ulivyozidi kufungika.

"Kwa hiyo ulinichukua ukaenda kunipima mbele ya Wazungu."

"Si wewe, mama. Ni kimea."

"Kimea changu ni mimi! Watu wa hapa hawasemi twende tukanywe mbege. Wanasema twende kwa Mektrida." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Walicheka?"

Hilda angeweza kudanganya. "Kidogo."

"Na wewe ukasemaje?"

"Sikusema kitu. Palikuwa na namba tu. Hawakujua ni cha nani."

"Ukanikana."

"Ndiyo, mama. Nilikukana. Nisamehe."

Mektrida alivuta kigoda akakaa. Sumu alikuwa hajaiamini sawasawa, lakini hilo aliliamini papo hapo, na lilimchoma. Alimkumbuka yule mtoto aliyekuwa akimlisha povu la mbege kwa ncha ya kidole, na sasa mtoto huyo alikuwa amesimama ukutani kwa Wazungu akijifanya hamjui. Alitaka kumfukuza uwanjani. Badala yake akauliza swali ambalo hata yeye hakujua linatoka wapi.

"Hiyo sumu ikiingia mwilini inakwenda wapi?"

"Kwenye ini."

"Babu yako mzaa baba," Mektrida alisema. "Lile tumbo lilivyojaa maji kabla hajafa. Daktari alisema ni nini?"

Hilda alitazama chini. "Alisema ini."

"Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea kata ya kwanza. Nikishaonja, ya kwanza ni yake, kila pipa, miaka kumi na sita. Nilikuwa namheshimu kuliko baba yangu mzazi."

"Mama, hakuna anayeweza kusema ni hiyo. Babu alikunywa na vingine, tena umri ulikuwa umekwenda. Hata sisi wenye mashine hatuwezi kusema."

"Sijakuuliza kama yupo anayeweza kusema."

Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatelemke. Hilda alikuja akapiga magoti kando ya kigoda, akamshika mkono, na mkono ule haukumkataa wala haukumshika. Leodegar alitokea kwenye kona ya nyumba, akawaona, akaelewa.

"Mimi nilimwambia asubiri Jumatatu," alisema.

Mektrida aliinua macho polepole. "Kumbe na wewe ulijua?"

"Tangu jana tu."

"Nenda ukachimbe shimo, Leodegar."

"Shimo la nini?"

"La kimea. Kuku wasikile."

"Na ng'ombe asipewe," Hilda aliongeza. "Sumu inapita kwenye maziwa." Leodegar alichukua jembe akaondoka haraka, akiwa na shukrani kwamba amepewa kazi.


Ndizi zilikuwa salama. Kilichokosekana ni kimea, na kimea hakioti kwa siku moja. Kulikuwa na cha kununua sokoni Mbuyuni, lakini Hilda alisema cha sokoni hakuna ajuaye kimekaa kwenye gunia miezi mingapi. Mektrida alijifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza. "Twende kwa Salvina," alisema, na Hilda akajua jinsi neno hilo lilivyomgharimu.

Salvina alikuwa mpikaji wa mbege upande wa pili wa mto. Yeye na Mektrida walipata kipaimara mwaka mmoja na waliitana kwa majina mpaka leo. Kimea chake alikitoa siku ya tatu, akakianika juani juu ya turubai safi, na mbege yake ilikuwa nyepesi na ya amani. Mwaka juzi, kwenye arusi ya mtoto wa Salvina, Mektrida alionja akasema mbele ya wageni kwamba huu ni uji wa mgonjwa. Watu walicheka wiki nzima.

Salvina aliwapokea getini na hakulifungua geti.

"Karibuni. Daktari, pole na safari."

"Shikamoo mama," Hilda alisema.

"Marahaba."

"Salvina," Mektrida alisema, "naomba kimea. Madebe mawili."

"Umesemaje? Haya masikio yangu siku hizi."

"Naomba kimea."

"Wewe? Chako kimeliwa na panya?"

Uongo ulikuwa umeletwa mpaka mlangoni, umewekwa kwenye sahani. Mektrida aliutazama kidogo. "Hapana. Changu ni kibovu."

Salvina alimwangalia, akamwangalia Hilda, akarudi kwa Mektrida. "Changu si ni uji wa mgonjwa?"

"Nilisema hivyo."

"Mbele ya wakwe zangu."

"Mbele ya wakwe zako. Ulikuwa ubaya tu, Salvina. Nisamehe."

Ilichukua muda, lakini geti lilifunguliwa. Ndani, Hilda alichota kimea kwenye kiganja, akakinusa, akakivunja punje kwa punje karibu na dirisha. Kilikuwa kikavu, safi, bila unyoya hata mmoja. "Bila mashine siwezi kuapa," alimwambia mama yake, "lakini hiki kimekaushwa inavyotakiwa." Salvina alisikia, akanyoosha mgongo.

Mektrida aliuliza bei. Salvina alitikisa kichwa.

"Hela yako sitaki. Kesho mtu akiuliza kimea ni cha nani, utasema."


Jumapili ukungu uliondoka mapema na mlima ukaonekana wote. Misa ilikuwa ndefu, padri alimwita Hilda mbele, watu walipiga makofi. Nyumbani viti vilijaa mpaka chini ya migomba, supu ya kisusio, ile ya damu ya mbuzi, ikagawiwa, na baba mkubwa Valerian, ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti, akasimama akatoa hotuba kuhusu elimu. Alisema Ubelgiji ni mbali kuliko Ujerumani. Hakuna aliyebisha.

Kisha mapipa yakafunguliwa. Kama ilivyo desturi, mpikaji huonja kwanza mbele ya watu, ili wageni wajue wanachopewa ni salama. Mektrida alichota kata, akanywa nusu, akaijaza tena na kumpelekea Valerian kwa mikono miwili. Hilda alikuwa amesimama pembeni na sinia la nyama, akimtazama.

Valerian alikunywa. Akatua. Akanywa tena kidogo, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Mama Hilda," alisema, "hii mbege imesafiri nayo Ulaya nini? Imerudi imekonda."

Kicheko kililipuka. Wazee walionja mmoja baada ya mwingine na kutikisa vichwa. Mmoja alisema mbege ya Hilda imeolewa mbali. Leodegar alikuwa akitazama viatu vyake. Mektrida alisubiri kicheko kipungue.

"Kimea ni cha Salvina," alisema.

Ahadi ilikuwa imetimizwa hapo hapo. Salvina, kwenye benchi la akina mama, alikuwa tayari ameinua kidevu, na Mektrida angeweza kukaa. Valerian mwenyewe alimpa njia. "Si kitu, shemeji, mtu hupitiwa. Jumatano tutakuja kwenye chako."

"Changu nimekifukia."

"Umekifukia?"

"Kina sumu. Ile ya kuvu. Nilichokuwa nawapikia miaka yote kina sumu ya kuvu, mara nne ya inavyoruhusiwa. Mtoto amekipima."

Waliokuwa wakigawa ndizi walisimama na mabakuli. Kisha sauti zikaanza, kwanza upande wa wanaume, na zikapanda. Hilda aliweka sinia chini. Alivuka uwanja mzima akaenda kusimama pembeni ya mama yake, bega kwa bega, pale ambapo kila mtu angeweza kuwaona pamoja.

"Ni kweli," alisema. "Nilipima mimi. Haiui kwa siku moja, ila ikizidi miaka inaumiza ini. Yeyote mwenye wasiwasi aende hospitali apimwe. Na mama hakujua."

"Na unatuambia leo!" Valerian alimgeukia Mektrida, uso umemvimba. "Siku ya sherehe, mbele ya watu?"

"Shemeji, nimejua jana," Mektrida alisema. "Leo nimewaambia."

Wanaume kadhaa walisimama, wakachukua kofia zao na kuondoka bila kuaga, na mmoja wao alikuwa mteja wake wa Jumatano kwa miaka kumi na minane. Kata ilibaki mkononi mwa Valerian, nusu, na hakuna aliyeipokea. Hapo Salvina alinyanyuka kutoka kwenye benchi, akavuka uwanja, akaichukua kata kwenye mkono wa mzee, akainywa yote mpaka tone la mwisho.

"Yangu haina sifa," alisema akijifuta mdomo, "lakini nimeinywa miaka thelathini na mnaniona nilivyo." Kwa kuwa Salvina alikuwa mnene kuliko mwanamke yeyote wa parokia, watu wachache walicheka, na kata ikaanza kuzunguka tena.

Jioni yalibaki mapipa mawili kamili. Haikuwahi kumtokea Mektrida maishani mwake. Aliyamwaga mwenyewe kwenye migomba, kata kwa kata, na Hilda alimsaidia bila kuambiwa.


Jumatano walikuja wateja watatu, na mmoja alikuja kuangalia tu. Jumamosi hakuja mtu. Mektrida hakulalamika. Aliloweka ulezi mpya, akaufunika, na siku ya tatu alipofunua majani alikaa akiutazama kwa muda, maana mkono wote ulitaka kuyarudishia. Aliutoa. Aliuanika juani juu ya turubai jipya, akawa anaugeuza kila saa na kuulinda na kuku kwa fimbo.

Siku Hilda alipokuwa akirudi Morogoro, begi likiwa tayari getini, mama yake alimletea kopo. Lilikuwa lile lile la maziwa ya unga, limeoshwa na kufungwa kwa utepe mpya.

"Huko chuoni kwenu ipo hiyo mashine?"

"Ipo, mama."

"Kapime."

Hilda alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa analiingiza kwenye begi Mektrida alipomzuia.

"Safari hii usiweke namba."

"Mama, utaratibu wa maabara ni namba."

"Basi weka hiyo namba yao. Halafu chini yake andika Mektrida wa Uru."

Hilda alitoa kalamu kwenye mfuko wa begi, akaliegemeza kopo kwenye nguzo ya geti na kuandika juu ya utepe. Mektrida aliinama, akafuatisha herufi moja moja kwa kidole mpaka mwisho, kisha akamrudishia kopo.

"Hayo maandishi ni madogo," alisema. "Andika makubwa."